Maswali ya Wasomaji: Serikali ya Wanafunzi Si Mfuko wa Dharura

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu uongozi wa wanafunzi katika vyuo vikuu, na barua zilizotufikia zimetuonyesha kwamba wengi hawaulizi habari za siasa peke yake. Wanauliza mwanafunzi aende wapi anapougua, anapofiwa, anapokosa chakula au anapoelemewa na mawazo, na kwa nini mara nyingi mlango pekee ulio wazi ni wa mwanafunzi mwenzake mwenye cheo. Tumechagua barua tano. Majina ya walioandika na ya vyuo vyao tumeyaficha.

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu na ni waziri wa mikopo katika serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja hapa Dodoma. Nilipokuwa nagombea niliahidi kwamba hakuna mwenzangu atakayelala njaa kwa sababu bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, limechelewa. Sasa wanakuja chumbani kwangu hadi saa sita za usiku: huyu jina lake halimo katika orodha ya kusaini fedha hiyo, yule namba ya akaunti imekosewa, mwingine amefiwa na baba na hana nauli ya kwenda kuzika. Nimekopa ili niwasaidie, na mama wa mgahawa ananidai madeni ya wenzangu niliowadhamini. Muhula uliopita nilipata sapu (mitihani ya marudio) tatu. Wiki hii kijana wa mwaka wa kwanza alijifungia chumbani siku mbili bila kula. Wenzake wa chumba hawakwenda popote, walikuja kuniamsha mimi. Nilikaa naye hadi alfajiri nisijue la kumwambia. Je, nijiuzulu? (Waziri wa mikopo, Dodoma)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuanze na huyo kijana wa mwaka wa kwanza, maana mengine yote yanaweza kusubiri. Mtu aliyejifungia siku mbili bila kula anahitaji kuonwa na daktari leo hii, na kazi yako ni kumfikisha kwenye zahanati ya chuo na kuhakikisha ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi inajua. Nenda naye pamoja na mwenzake wa chumba anayemwamini, na kama ametamka lolote la kutaka kujidhuru, asiachwe peke yake hata kidogo mpaka akabidhiwe kwa mtaalamu. Ninajua kinachowafanya wengi wasite. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na wanafunzi huogopa kwamba kusema tu kutawaletea polisi. Kueleza kwamba umeelemewa si kosa, na kumsindikiza mtu kwa daktari si kumshtaki. Kukaa naye hadi alfajiri kulikuwa utu mkubwa, na ninakushukuru kwa hilo. Hata hivyo, kazi ile haikuwa ya waziri wa mikopo, na chuo kizima hakikupaswa kumwachia kijana wa mwaka wa tatu ambaye hajawahi kufundishwa namna ya kuifanya.

Sasa nije kwenye swali lako. Ili ujue kama ujiuzulu au ubaki, ni vizuri ujue mzigo huo ulifikaje mabegani mwako. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mwanafunzi wa chuo kikuu Tanzania alitunzwa na serikali: alilala bwenini, alikula katika bwalo la chuo, na gharama zake zililipwa bila yeye kuzishika mkononi. Wanafunzi walikuwa wachache, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa bado na maelfu machache tu. Katika miaka hiyo ndipo ulipoingia utaratibu wa kuchangia gharama, na hatua kwa hatua huduma zikageuzwa kuwa fedha. Bodi ya Mikopo ikaundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, miaka miwili baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa kwa lengo la kufikia wanafunzi 40,000, na vyuo vingine vya serikali, vya dini na vya watu binafsi vikafuata. Madarasa yalijengwa, mabweni yalijengwa kwa kiasi, wanafunzi wakaongezeka kwa haraka. Ofisi za kumhudumia mwanafunzi hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Mwanafunzi ambaye zamani angekosa chakula kwa sababu bwalo limefungwa, na chuo kizima kikajua, leo anakosa chakula peke yake chumbani kwa sababu fedha ya kujikimu, ambayo tangu 2023 imepangwa kuwa shilingi 10,000 kwa siku na hutolewa kwa mkupuo wa wiki kadhaa, imechelewa au jina lake limerukwa. Njaa yake imekuwa siri yake.

Pengo hilo ndilo mlilolijaza ninyi viongozi wa wanafunzi, kwa moyo mwema kabisa. Mimi nimekaa miaka mingi katika ofisi za ushauri wa wanafunzi, na kwa maoni yangu kulijaza kwa namna hii kumeleta madhara mawili. La kwanza ni kwamba ofisi inayopaswa kuwajibika haionekani tena: ikiwa wewe unakopa ili mwenzako ale, afisa mikopo wa chuo hana sababu ya kukaa ofisini hadi jioni kulitafuta jina lililopotea. La pili ni baya zaidi, kwa kuwa linaharibu siasa yenyewe. Mgombea atakayefuata baada yako atapimwa kwa fedha anazoweza kugawa. Kwa kuwa yeye ni mwanafunzi na hana fedha, atatafuta mtu wa kumpa, na mtu huyo atakuwa na lake la kudai. Uchaguzi wa wanafunzi unaponunuliwa kwa sahani za chakula, lawama hatuwezi kuwabebesha wapiga kura wenye njaa peke yao.

Tena uwezo wako una mpaka ambao hakuna ahadi ya kampeni inayoweza kuuvuka. Mei 2016, walimu walipogoma kufundisha, zaidi ya wanafunzi 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliamriwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma ndani ya saa 24. Wengi walikuwa vijana waliotoka tu kidato cha nne, wakajikuta stendi na mabegi yao, wengine bila nauli ya kufika kwao. Serikali ya wanafunzi ingewakopea nauli wote hao kwa nani? Jambo kama hilo linahitaji chuo chenye utaratibu ulioandikwa wa dharura, wenye fungu lake na mtu wake anayejulikana kwa jina na kwa simu.

Kwa hiyo ninakushauri ubaki, lakini uifanye kazi nyingine. Nunua daftari kubwa la kaunta. Kila anayekuja kwako, andika tarehe, aina ya shida, ofisi inayohusika, jina la afisa aliyeipokea na siku aliyojibu. Jina la mwenye shida usiliandike, hasa akiwa mgonjwa, namba tu inatosha. Jina kukosekana katika orodha ya kusaini na akaunti kukosewa ni kazi ya afisa mikopo wa chuo, naye ndiye anayewasiliana na Bodi. Msiba na ugonjwa vinaihusu ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Wewe msindikize mwenzako hadi mlangoni, ingia naye kama anataka, kisha andika kilichojibiwa. Mwisho wa mwezi hesabu: wangapi walikuja, wangapi walihudumiwa, wangapi waliambiwa waje kesho, na hiyo kesho ikawa siku ngapi. Taarifa hiyo isomwe katika bunge lenu la wanafunzi, kisha wawakilishi wenu katika Seneti na Baraza la Chuo waifikishe huko ikiwa na barua ya maombi: fungu la dharura lenye masharti yaliyoandikwa, mshauri nasaha wa kutosha kulingana na idadi ya wanafunzi, na simu inayopokelewa usiku. Nimeona vikao vikubwa vikipuuza hotuba kali za wanafunzi, lakini sijaona kikao kinachopata raha mbele ya ukurasa wenye tarehe na majina ya ofisi.

Kuhusu madeni, kaa na mama wa mgahawa umweleze ukweli, mpange namna ya kulipa polepole, na usimdhamini mtu mwingine yeyote. Waombe wenzako katika serikali yenu nao wachukue zamu, kwa kuwa si haki waziri mmoja agongewe kila usiku. Bandika mlangoni saa za kazi na uzifuate. Sapu zako tatu zisome sasa. Katiba nyingi za serikali za wanafunzi zinaweka sharti la ufaulu kwa kiongozi, na mwenye kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli, hapotezi cheo tu, anapoteza chuo. Na wewe mwenyewe nenda kwa huyo mshauri nasaha. Barua yako ni ya mtu aliyechoka sana.

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Binti yangu yuko mwaka wa pili Dar es Salaam. Bodi ilimpa mkopo wa asilimia pungufu, kwa hiyo mimi na baba yake tunajazia ada kwa alizeti. Juzi amenipigia simu kwamba anagombea umakamu wa rais wa wanafunzi. Ninaogopa atafukuzwa chuo, na nimesikia kuna watu wa chama wamemwahidi msaada wa kampeni. Nimkataze? (Mama, Singida)

JIBU: Mama yangu, hofu yako ina historia, na sitaki kuipuuza. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400 siku ileile, huku akitangaza kuukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20 kwa sababu walikuwa wamemgusa pale waliposema kuhusu mishahara ya viongozi. Wengi wao walirudishwa baadaye. Machi 1978 wengine zaidi ya 300 walifukuzwa kwa kuandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya mawaziri na wabunge. Chama chao, DUSO, kikafutwa na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA iliyofungamana na chama tawala, hadi DARUSO, serikali ya wanafunzi ya chuo hicho, ilipozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hata Desemba 2019, viongozi wa DARUSO walipoipa Bodi ya Mikopo saa 72 kulipa fedha za wenzao zilizochelewa, chuo kiliwasimamisha baadhi yao masomo. Ukiangalia miaka hiyo utaona kitu kimoja: katika 1966 na 1978 ugomvi ulikuwa juu ya mwelekeo wa nchi, na katika 2019 ulikuwa juu ya fedha ya chakula. Vijana wetu wamelazimika kuhatarisha masomo yao kwa ajili ya jambo ambalo ofisi yenye utaratibu ingelimaliza kwa simu chache.

Pamoja na hayo, usimkataze. Chuo kinahitaji wasichana wanaoweza kusimama mbele ya wenzao, na anayejifunza leo kusoma mapato na matumizi ya serikali ya wanafunzi kesho atasoma ya kijiji chenu. Zungumza naye kwa kina, kwanza kuhusu hao watu wa chama. Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 inakataza shughuli za vyama mahali pa masomo, ingawa kila mtu anajua kwamba vyama vina jumuiya zao za wanafunzi zinazokutana nje ya geti. Binti yako ni raia na ana haki ya kuwa na chama. Lakini muulize ni nani anayelipia mabango, fulana na soda za mikutano, na mtu huyo atataka nini siku wanafunzi watakapokuwa na dai asilolipenda. Kama hawezi kukujibu waziwazi, afanye kampeni kwa miguu, chumba kwa chumba, bila fedha ya mtu. Wapo walioshinda hivyo.

La pili linawahusu wasichana hasa. Katika kampeni nyingi za vyuo, mgombea wa kiume hupingwa kwa sera zake, lakini wa kike hupingwa kwa mwili wake: picha zilizochezewa zinasambazwa katika makundi ya WhatsApp, uvumi unatungwa kuhusu walimu na wavulana, na hakuna ofisi inayomwita aliyeanzisha. Kabla hajachukua fomu, aiandikie tume ya uchaguzi ya wanafunzi na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kuuliza malalamiko ya namna hiyo yanapokelewa na nani na yanaamuliwa kwa siku ngapi. Ahifadhi nakala ya barua. Wewe nawe, mpigie simu mara kwa mara wakati wa kampeni, na usiulize kura tu. Muulize kama amelala na kama ameingia darasani.

SWALI: Mwalimu, mimi niko mwaka wa kwanza, Morogoro. Mwalimu mmoja amenizuilia alama za mazoezi na ananitumia ujumbe wa kunitaka nikaonane naye nje ya chuo jioni. Nilimweleza CR wetu, yaani mwakilishi wa darasa, naye akalipeleka kwa kiongozi wa serikali ya wanafunzi, ambaye amesema nisiseme popote, yeye atayamaliza na mwalimu huyo kiungwana. Nifanye nini? (Msomaji wa kike)

JIBU: Binti yangu, usikubali jambo hili limalizwe kiungwana. Anachokifanya mwalimu huyo ni rushwa ya ngono, na kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinaitaja kuwa jinai. Kiongozi wa wanafunzi hana mamlaka ya kupatanisha jinai, na anapokwenda kuzungumza na mtuhumiwa faraghani anampa nafasi ya kufuta ushahidi na kukutisha. Hata akiwa na nia njema, kesho atakuwa na siri ya mwalimu mkononi, na siri ya namna hiyo katika siasa za chuo hugeuzwa kuwa biashara.

Usifute ujumbe hata mmoja. Piga picha za skrini zinazoonyesha tarehe na namba, zitume kwa mtu wa nyumbani unayemwamini. Usiende kuonana naye, hata kwa nia ya kumtega, isipokuwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, wenyewe wakikuelekeza. Simu yao ya bure ni 113, na ofisi zao zipo mkoani kwako. Kuanzia mwaka 2021 serikali imeelekeza vyuo vianzishe madawati ya jinsia, kwa hiyo uliza la chuo chenu liko wapi, na upeleke malalamiko kwa maandishi, ukisaini nakala yako na kugongewa muhuri wa kupokelewa. Kama dawati ni kibao tu mlangoni na ndani hakuna mtu, andika hilo pia katika barua yako ya TAKUKURU. Alama zako zidai kwa mkuu wa idara kwa barua tofauti, isiyochanganywa na hii.

SWALI: Mimi ni komredi wa mwaka wa nne katika chuo kimoja cha Eldoret, Kenya. Tangu sheria ya mwaka 2016, sisi hatumchagui mwenyekiti wa wanafunzi moja kwa moja, wajumbe ndio wanaomchagua. Kila mwaka wajumbe hupotea siku chache kabla ya kura, tunasikia wamefungiwa katika hoteli wakila na kulala bure. Wenzetu wawili wameacha masomo mwaka huu kwa msongo wa mawazo na hakuna kiongozi aliyelitaja jambo hilo. Tufanyeje? (Komredi, Eldoret)

JIBU: Ndugu, sheria unayoitaja, ile ya marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu, ilikuja baada ya fujo nyingi za chaguzi, zikiwamo zile zilizosababisha Chuo Kikuu cha Nairobi kufungwa Aprili 2016 baada ya uchaguzi wa SONU, chama cha wanafunzi wake. Waliotaka mfumo wa wajumbe walisema utapunguza vurugu. Ukweli mwingine ni kwamba ni rahisi zaidi kuwafungia hotelini wajumbe wachache kuliko wanafunzi maelfu. Wewe umeona matokeo kwa macho yako.

Nchi yenu inajua gharama ya uongozi wa wanafunzi kuliko nchi nyingi. SONU iliundwa mwaka 1982 na kupigwa marufuku mwaka huohuo baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti. Ilipofufuka, mwenyekiti wake Wafula Buke alikamatwa Novemba 1987 na kufungwa miaka mitano, na chama kikafungwa tena. Watu wa kizazi kile walikuwa wakali kwa serikali, lakini pia walijua chumba cha kila mwenzao aliye taabani. Ninapouona uongozi unaotafutwa kwa vyumba vya hoteli, huku wanafunzi wawili wakiacha masomo kimyakimya, ninahuzunika sana.

Sheria hiyo hata hivyo imewaachia mlango. Kila kundi la wapiga kura, yaani idara au kitivo, linachagua wajumbe watatu wasiokuwa wote wa jinsia moja. Hapo ndipo kura yako ilipo, na hapo ndipo wanafunzi wengi hawajitokezi. Itisheni kikao cha idara kabla ya kuwachagua, muwatake wajumbe waahidi mbele yenu mambo machache yanayoweza kuhakikiwa: kwamba watawauliza wagombea wote, mbele ya watu, chuo kina washauri nasaha wangapi na wanafanya kazi saa ngapi, na kwamba wakirudi watawaeleza walimpigia kura nani na kwa nini. Mjumbe anayetoweka siku tatu kabla ya kura aulizwe alikuwa wapi na nani alilipa. Pia kuna jambo jipya la kuwatia nguvu: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakwenda kinyume cha Katiba. Mwanafunzi aliyeelemewa hana tena sababu ya kuonekana mhalifu, na chuo hakina tena sababu ya kulizungumza jambo hili kwa kunong'ona. Chukueni uamuzi huo, mwende nao kwa mkuu wa masuala ya wanafunzi, mwombe mpango wa ushauri nasaha kwa maandishi. Na hao wenzenu wawili muwatafute. Kuahirisha masomo na kuacha masomo ni mambo tofauti, na huenda muda wa kurudi haujawapita.

SWALI: Mwandishi, mnatulaumu sisi wa ofisini bila kujua hali yetu. Katika chuo chetu, kilichopo Kanda ya Ziwa, mshauri nasaha ni mimi peke yangu, na hapohapo ninasimamia malazi, michezo na nidhamu. Mwanafunzi niliyemwandikia barua ya onyo Jumatatu hawezi kuja kulia kwangu Jumanne. Bajeti hakuna. Nifanye nini? (Afisa wa wanafunzi)

JIBU: Ndugu yangu, umesema katika sentensi moja jambo ambalo ripoti nyingi hazilisemi: mtu mmoja hawezi kuwa mlinzi wa nidhamu na msikilizaji wa siri. Wanafunzi wanalijua hilo, ndiyo maana wanaukwepa mlango wako na kwenda kugonga kwa waziri wa mikopo saa sita usiku. Sikulaumu wewe. Ninawalaumu wanaopanga muundo wa utumishi wa chuo, wanaoona mhasibu wa pili kuwa wa lazima na mnasihi wa pili kuwa wa anasa.

Kuna moja unaloweza kulifanya hata kabla ya fedha kupatikana, nalo ni kuomba kwa maandishi uondolewe kwenye kamati ya nidhamu, kwa sababu ulizonieleza hapa. Kazi hiyo anaweza kupewa mhadhiri yeyote. Pili, Taasisi ya Ustawi wa Jamii na vyuo vingine vinavyofundisha ustawi wa jamii na saikolojia vina wanafunzi wanaohitaji mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Chini ya usimamizi wako wanaweza kuwapokea wanafunzi wenye shida ndogondogo, ili wewe ubaki na zile nzito. Wanasihi rika nao wanasaidia, ila wafundishwe mpaka wao uko wapi, tusije tukamwongezea kijana mwingine mzigo kama wa yule wa Dodoma.

Kuhusu bajeti, mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na vyuo vingi hukusanya mahitaji ya idara miezi mingi kabla ya hapo. Usiandike maombi yako peke yako. Mwite rais wa serikali ya wanafunzi na waziri wake wa afya, wakuletee hesabu ya wanafunzi waliokuja kwao wakitafuta msaada ambao wewe ndiye uliyepaswa kuutoa, iambatanishwe na hesabu yako, na barua moja yenye saini zenu zote iingie kwa Makamu Mkuu wa Chuo kabla ya mwisho wa Januari. Nakala ipelekwe kwa mwakilishi wa wanafunzi katika Baraza la Chuo, ili siku bajeti itakapojadiliwa awepo mtu mezani wa kuuliza barua ile imefikia wapi.